Kichanja cha Mpasheni

Seremala aliingiwa na wivu, tena wivu wenyewe wa rimu kuukuu za baiskeli.

Mkewe, msusi wa nywele, alikuwa amepanda mpasheni uani nyuma ya nyumba. Misimu miwili mizima alimwomba mumewe autengenezee kichanja upate pa kupandia. "Kesho, mke wangu," ndilo lililokuwa jibu, na kesho yenyewe haikufika. Milango ya watu aliichonga, makabati ya watu aliyapiga randa mpaka yakang'aa. Mpasheni ukatambaa chini pamoja na kuku.

Sasa alikuwa amerudi kutoka kazi ya wiki moja mji wa pili, akakuta kichanja kimesimama: rimu sita, chaga za kitanda kilichovunjika, na wavu wa dirisha lililong'olewa mahali fulani. Mpasheni ulikuwa umeshapandishwa juu, unajidai.

"Rimu hizi zimetoka wapi?" aliuliza, akijua fika. Mdogo wake, fundi baiskeli ambaye mtaa mzima ulimwita Spoku, ndiye mwenye lundo la rimu.

"Shemeji kaleta," mke akasema akitabasamu. "Ana moyo yule!"

Moyo! Chakula kikamshinda seremala. Kwa hiyo yeye akitoka tu, mwenzake anaingia uani kujifanya mwenye nyumba? Akakizunguka kile kichanja mara tatu akitafuta kasoro, akazipata tele. Hakikupimwa kwa timazi, hakina kiungo, hakina hata msumari mmoja. Kimefungwafungwa tu kwa matambara. Kazi ya mziba pancha hiyo! Lakini akikisukuma hakitikisiki, na hilo ndilo lililomchoma.

Mchana mkewe alipotoka kwenda kumsuka mteja, seremala akajipenyeza uani. Hakukusudia kukibomoa. Alitaka kulegeza vifungo vitatu tu, kilale upande, kisha yeye ajitokeze na nyundo yake kukiokoa. Waone sasa nani fundi.

Kifungo cha kwanza kilimtoa jasho. Kilipolegea, akakisogeza karibu na macho. Tambara lilikuwa limesukwa mapande matatu, likabanwa, ncha ikafichwa ndani isionekane. Akatazama cha pili, cha tatu. Vyote vilisukwa vivyo hivyo. Spoku na vidole vyake vya grisi hajawahi kusuka hata kamba ya mbuzi. Lakini mikono inayoficha ncha namna ile seremala aliijua. Ameiona miaka kumi na tisa, sebuleni mwake, vichwani mwa wateja.

"Unafungua nini?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, chanuo mkononi. Mteja hakutokea.

"Umekijenga wewe?"

"Nani mwingine? Shemeji alibwaga rimu hapo getini, akaenda zake."

Seremala alitamani ingekuwa kazi ya Spoku. Na Spoku wangegombana, wangenuniana wiki nzima, yangekwisha. Lakini mkeo akiacha kukungoja, wivu utamwonea nani?

Mke hakupiga kelele. Alikiendea kile kifungo kilicholegezwa, akakisuka upya, vidole mbiombio. Seremala akanyoosha mkono amshikie rimu upande wa pili.

"Sogea kidogo, Fundi," mkewe akasema kwa upole. "Unanizibia mwanga."