Mshika Swichi

Redio alipanda ngazi za jengo lile roho mkononi, begi la nguo begani na simu ikitetemeka mfukoni. Lifti ilikuwa nzima, aliitengeneza mwenyewe. Lakini siku hiyo watu walikuwa wakishuka nayo na magodoro, masufuria na watoto, kila mtu akikimbilia kwa jamaa zake nje ya mji, na Redio hakuwa na uso wa kusimama kati yao aulizwe yeye anakwenda wapi. Maana naye alikuwa anakwenda. Alikuja kumuaga rafiki yake mgonjwa tu.

Jina la Redio hakupewa kwa kusifiwa. Alikuwa fundi wa lifti, mwoga tangu utotoni, na woga wake aliulisha taarifa ya habari asubuhi, mchana na jioni. Vita vikianza upande wa pili wa dunia, yeye hulala na viatu. Ila safari hii, tuseme haki, hata wasio waoga walikuwa tumbo joto. Mataifa mawili makubwa yalikuwa yametoleana macho, manowari zimesogezwa, na muda waliopeana ulikuwa unakwisha leo, jua likizama. Nchi yake haikuwa upande wa yeyote. Ilikuwa katikati tu, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Binti yake na mkwewe walikuwa na gari lenye mafuta, na nafasi moja walimwekea yeye.

"Ukichelewa tutakuacha, baba," binti alimwambia asubuhi. "Barabara zitafungwa."

Aliyemfungulia mlango ni shemeji yake, mke wa rafiki huyo, macho mekundu kwa kukesha. Aliliona begi.

"Karibu, shemeji. Anakuulizia tangu asubuhi." Akashusha sauti. "Daktari ametuambia tusitegemee kesho. Kwa hiyo habari zako ziache hapa hapa mlangoni. Humu ndani sitaki kusikia manowari."

"Sina habari."

"Wewe?" alisema, na nusura acheke.

Mgonjwa alilala karibu na dirisha, mwili umekwisha, shuka limemlalia kana kwamba chini yake hakuna mtu. Kazini aliitwa Ngazi, kwa sababu alikuwa fundi wa lifti asiyepanda lifti. Jengo liwe refu vipi, yeye na sanduku lake la vifaa walikwenda kwa miguu. Wakimuuliza alijibu, "Najua kilichomo," na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini kazi ya kuingia shimoni, chini kabisa, chumba cha lifti kikining'inia juu ya kichwa, ilikuwa yake yeye. Redio alikaa juu kwenye chumba cha mashine, mkono kwenye swichi kuu, asije mtu akawasha umeme. Hawakuonana. Ngazi alikuwa akiita kutoka chini, "Upo?" na Redio anajibu, "Nipo." Asiposikia jibu, Ngazi hakugusa hata skrubu. Walifanya hivyo mpaka wakaota mvi.

"Redio."

"Nimekuja, ndugu yangu."

"Kuna nini nje? Lifti inapanda tupu, inashuka imelemewa. Kutwa nzima."

Redio aligeuka. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, amemkazia macho.

"Watu wanakwenda likizo," alisema.

"Likizo na makabati?" Ngazi alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Mkewe akaja kumnywesha maji kwa mrija, akampangusa kidevu, akarudi jikoni kwa haraka kama mtu anayekwenda kulia.

Simu ilitetemeka tena. Redio aliibana kwa kiganja. Jua lilikuwa limeshafika kwenye mapaa ya nyumba za jirani, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani lisitembee. Alijikohoza.

"Ndugu yangu, nimekuja ku—"

"Naogopa," Ngazi alisema.

Redio alidhani hakusikia vizuri. Mtu huyu alikuwa akila chakula chake cha mchana mle shimoni, miguu ameinyoosha.

"Unaogopa nini?"

"Kufa, mwenzangu. Unadhani nini? Na ulidhani kwa nini nilikuwa napanda ngazi? Mlicheka, nami nikaona afadhali mcheke. Kila nilipoingia mle shimoni magoti yalikuwa yanagongana. Ulikuwa hunioni tu."

Redio alisogea karibu na kitanda. Miaka yote habari mbaya zilipomzidi alikimbilia kwa Ngazi, naye Ngazi alikuwa akimwambia, "Kunywa chai yako, dunia haiishi leo," na Redio akalala. Sasa akajua kwamba maneno yale aliambiwa na mtu mwenye hofu kama yake. Leo dunia huenda inaisha, na hapakuwa na wa kumkimbilia.

"Unakumbuka kengele ya moto?" Ngazi aliuliza.

"Usinikumbushe."

"Jengo zima walikimbia. Mlinzi alikimbia. Mimi niko chini, chumba cha lifti kiko juu yangu, moshi naunusa. Nikaita. Ukajibu."

"Nilijikojolea."

"Najua. Ulishuka umejifunga koti kiunoni. Sikumwambia mtu."

"Sikubaki kwa ushujaa," Redio alisema kwa aibu. "Vidole vilikataa kuachia."

"Ndiyo hivyo. Mkuu wa kazi alinipa mafundi majasiri mara ngapi, nikawakataa. Jasiri anajua hakuna kitakachotokea, basi anatoka kidogo kuvuta sigara. Wewe ulijua kila kitu kitatokea. Hukutoka hata mara moja." Alipumzika, kifua kikipanda na kushuka. "Nikifumba macho naita. Mke wangu anajibu, lakini anajibu akilia, namwonea huruma. Nataka sauti ya kazini. Sikuombi kingine."

Redio alitoka kwenye kibaraza cha nje na simu. Chini, barabara nzima ilikuwa magari, honi zinapigwa bila kukoma. Alimpigia binti yake.

"Baba, uko wapi? Tumeshawasha gari."

"Nendeni, mwanangu."

"Twende wapi bila wewe? Baba, umesikia habari za saa hizi? Wamekataa kuongea. Wamekataa kabisa."

Alisikia mjukuu wake akiimba huko garini. Alitaka kukimbia, na miguu yake yote miwili ilimtaka akimbie.

"Nendeni. Nitawafuata kwa basi."

"Mabasi hayapo, baba. Una wazimu?"

"Nina woga tu," alisema, na alipoona atalia alikata simu, akaizima kabisa.

Aliporudi, shemeji alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, amelishika shavu la mumewe. Redio alivuta kiti, akaketi, akashika chuma cha kitanda. Jua likashuka nyuma ya mapaa. Walikaa hivyo, na mwanga ukapungua ukutani.

Mara umeme ukakatika. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Taa za mtaa mzima zikazimika kwa pamoja, na ndani ya kuta za jengo lifti ikakwama kwa mlio mzito ambao wanaume wale wawili waliujua vizuri. Huko barabarani honi zilinyamaza. Kisha mtu alipiga ukelele, na dirisha likaanza kutikisika.

Shemeji alilitaja jina la Mungu. Redio alifumba macho. Hakujua kama ni malori yanapita au ndiyo yenyewe yameanza, na kijasho chembamba kilimtiririka hadi kwenye mkono ulioshika chuma.

"Upo?" Ngazi aliuliza gizani, kwa sauti ndogo sana.

"Nipo."

Dirisha lilizidi kutikisika. Baada ya muda swali likaja tena, hafifu zaidi, naye akajibu tena. Halafu halikuja. Shemeji alianza kulia polepole. Redio hakuachia chuma, na kila alipovuta pumzi aliendelea kujibu, kwa sauti ya kufika chini kabisa, "Nipo. Nipo. Nipo."