Gari Lililokaa Chini Nyuma

Asubuhi hiyo fundi alipima gari upande wa nyuma, kutoka ukingo wa madigadi hadi katikati ya rimu, akaona limeshuka vidole vinne. Akapima upande wa pili, ikawa vilevile. Springi zilikuwa mpya, ngumu, za kubebea mzigo wa safari ndefu, na alikuwa amezifunga jana yake kwa mikono yake mwenyewe. Friji ilikuwa bado kwenye boksi, tangi la maji lilikuwa tupu kando ya mlango, na hema la kufunga juu ya paa lilikuwa limeegemezwa ukutani. Gari tupu halina sababu ya kukaa chini namna ile, kama kuku anayetaka kutaga.

Akaweka kikombe cha chai juu ya pipa, akaenda kufungua mlango wa nyuma. Ndani walikuwa wamekaa watu, magoti yanagusana, kila mmoja na kifurushi chake mapajani. Wa karibu na mlango alikuwa dada yake.

"Shikamoo, dada," alisema fundi.

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Mkeo hakupi chakula?"

"Ananipa. Ni kazi tu. Kumbe wewe ndiye unayenilazia gari chini?"

"Siyo peke yangu, tuko wengi. Halafu kungoja kunanenepesha, mdogo wangu."

Dada huyo alikuwa amefariki mwaka juzi. Gari lile lilikuwa la zahanati, lilinunuliwa kwa ajili ya kupeleka wagonjwa hospitali kubwa ng'ambo ya mlima. Siku dada alipoanza uchungu wa kujifungua, gari lilikuwa limempeleka Mkurugenzi wa wilaya mbugani kutazama wanyama. Dada alikaa kando ya barabara juani akalingoja, hadi akafa, na baada ya kufa akaendelea kungoja. Wenzake mle ndani walikuwa watu wa namna hiyohiyo: mzee wa pumu, mwalimu aliyeumwa na nyoka, binti wa homa ambaye mpaka sasa alikuwa amejifunika shuka.

Sasa Mkurugenzi alikuwa ameona kwamba gari lile lingemfaa kuvuka jangwa na marafiki zake. Machela ilitolewa. Maandishi ya ubavuni yalipakwa rangi ya mchanga. Fundi alipewa kazi ya kufunga winchi ya kulivuta gari likikwama mbele, keria juu, tangi la mafuta la ziada, na lile bomba refu la kuvutia hewa ili injini isinywe maji mtoni.

Aliwaomba abiria washuke kidogo apime. Wakashuka, wakajipanga ukutani. Gari likainuka vidole vinne. Wakapanda, likashuka.

"Basi springi hazina kosa," alisema fundi, akawashukuru, akarudi kumalizia chai yake.

Mkurugenzi alipopita kukagua kazi, alichungulia nyuma.

"Hawa nani?"

"Ni watu wa zahanati, bosi."

"Mimi sikuwaalika."

"Sisi tuko kwenye foleni tangu kabla yako, baba," alisema dada.

Mkurugenzi hakuwa na mazoea ya kujibu watu wa foleni. Alimgeukia fundi. "Weka springi ngumu zaidi. Na shokapu nene."

Fundi akaziweka. Alikuwa mtu mpole, mwenye kazi safi, na mkewe alikuwa mama kijacho wa miezi ya mwisho. Hakutaka maneno na mtu.

Kila alasiri mama mkunga wa zahanati alishuka kwa miguu hadi gereji. Aliingia nyuma ya gari, akawashika abiria vifundo vya mikono kutafuta mapigo, hakuyapata, akawaambia waendelee kunywa maji. Kisha akamfuata fundi palipo na makelele ya nyundo.

"Mwanangu, mtoto wako amelala upande. Nimempapasa mama yake leo tena. Huyu si wa kuzalishwa na mimi, ni wa hospitali. Na gari ndilo hilo unalolivisha nguo za harusi."

"Mama mkunga, mimi ni fundi tu."

"Na dada yako alikuwa mgonjwa tu."

Fundi alishika spana akakaza nati ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.

Siku ya safari ilipofika, mvua ilikuwa imenyesha na uwanja wa gereji ulikuwa tope. Mkurugenzi alikuja na marafiki zake wamevaa kofia pana zinazofanana. Viti vya kukunja vilipakiwa, friji ikajazwa vinywaji, madebe ya mafuta yakafungwa kwenye keria. Fundi alikuwa na ufunguo mkononi, anataka kuukabidhi, ndipo mkunga alipoingia getini amemkumbatia mke wa fundi kiunoni. Mwanamke alikuwa amekunja uso na viatu vyake viliachwa njiani kwenye tope.

"Uchungu umeanza," alisema mkunga. "Hospitali. Sasa hivi."

Mkurugenzi alitazama saa. "Zahanati si ina pikipiki?"

"Apandishwe pikipiki kama gunia la mkaa? Hebu mtazame vizuri, baba, kisha useme tena."

"Njia yangu mimi ni ya huku," alisema Mkurugenzi, akaonyesha upande wa jangwa. Akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Fundi aliutazama mkono ule, msafi, hauna hata tone la grisi. Kisha akaenda nyuma ya gari akafungua mlango. Akaitoa friji akaiweka kwenye tope mbele ya Mkurugenzi. Akatoa viti. Akatoa jiko.

"Na hilo turubai la kivuli liache," alisema mkunga, "tutamfunika."

"Unajua unafanya nini wewe?" aliuliza Mkurugenzi.

"Najua, bosi. Nimelifunga mwenyewe kila nati," alisema fundi. "Dada, sogea."

Abiria wakasogea. Mzee wa pumu na mwalimu wakapanda kwenye keria ili kupisha nafasi, na binti wa homa akatoa shuka lake likatandikwa chini. Fundi akawasha gari. Mkurugenzi alipogonga kioo, mkunga alikiteremsha kidogo, akamwambia, "Utuombee," akakipandisha.

Kazi nzuri ilionekana njiani. Matairi yalishika tope, bomba lilivuta hewa gari lilipovuka mto uliofurika, na kwenye kona mbaya ya mlima waya wa winchi ulifungwa kwenye mwamba, winchi ikavuta bila kukwaruza. Ilipozidiwa, abiria wote walishuka wakasukuma, na bila wao gari lilikuwa jepesi likapanda. Dada peke yake hakushuka. Alikuwa amempakata wifi yake kichwa, anamwambia, "Usisukume bado, wifi. Mimi nilisukuma mapema. Vuta pumzi. Mtukane mdogo wangu ukitaka, mimi nitaitikia."

Wifi akamtukana, na dada akaitikia, mpaka hospitali.

Mtoto alitoka kwa kisu, wa kike, analia kwa hasira. Fundi alirudi garini kuwapa habari, akawakuta wote wamekaa.

"Basi tumefika, dada. Shuka ukapumzike."

"Sishuki," alisema dada. "Mimi nililingoja hili gari juani mpaka nikafa. Sasa nimelipata, atanitoa nani? Mwambie bosi wako springi zako ziko sawa. Ni sisi tusiopungua."

Fundi alilala rumande siku mbili. Kosa lake lilikuwa kutumia gari la zahanati kwa shughuli za zahanati bila kibali. Polisi walipomuuliza kama anajuta alisema hapana, wakamuuliza tena taratibu, akasema hapana kwa sauti kubwa zaidi, wakamwacha. Gereji ilimfukuza. Gari lilisafishwa, fundi mwingine akaongeza springi nyingine juu ya zile, likabaki chini vilevile vidole vinne, na Mkurugenzi akaondoka nalo kwenda jangwani pamoja na marafiki zake. Zahanati ilibaki na pikipiki, ambayo haikuwa na tairi la mbele.

Kwenye kizuizi cha mpakani, askari alizunguka gari akaona lilivyolala nyuma. Akaja dirishani.

"Mmebeba nini?"

"Vifaa vya safari," alisema Mkurugenzi.

"Wagonjwa!" alisema dada kutoka nyuma, na wenzake wote wakarudia kwa pamoja, hata mzee wa pumu, "Wagonjwa!"

Askari alipiga saluti. Gari la wagonjwa halicheleweshwi, sheria inasema hivyo nchi zote mbili. Akakimbia kuinua mti wa kizuizi, akayasimamisha malori yote pembeni, na Mkurugenzi akayapita yote bila kupanga foleni.