Theluji Ndani ya Chupa ya Chai

Mwaka ule theluji iliwasusa watu wa Bamiyan kama mgeni aliyefika mlangoni akasikia kwamba nyama imekwisha. Ilikuja mara moja mwezi wa Novemba, ikachungulia, ikaacha unga mweupe usiofunika hata kisigino, ikajiendea zake. Katikati ya Januari, wakati ambao miaka mingine watu wameshachoka kuisukuma mapaani na wameanza kuitukana, kijijini kulikuwa na vumbi. Vumbi la baridi, lile linaloingia puani na kukaa kama limelipa pango.

Chaman Ali, mchongaji wa mbao za kutelezea kwenye theluji, alipanda paani kila asubuhi akiwa na koleo begani. Alitazama milima ya Koh-e Baba, akatazama barabara ya Kabul, akaitazama tena milima, kisha akashuka.

"Unazoa nini huko juu?" mkewe Zewar alimuuliza huku akichochea jiko la chuma. "Dhambi zako?"

"Nanusa hewa."

"Ukimaliza kunusa, viazi vinangoja kumenywa."

Zewar alitania, lakini alijua. Kijiji kizima kilijua kwamba Chaman hangoji theluji tu. Anamngoja Mahgul.

Mahgul, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa Kabul miaka miwili iliyopita. Mume mpole, nyumba nzuri. Ila mama mkwe wake, Bibi Sahibjan, alikuwa mtu wa taratibu. Kwake yeye bibi-arusi hatoki kwenda kwa wazazi kwa sababu tu roho imemtuma. Lazima pawe na sikukuu, msiba, au jambo la heshima. Sikukuu ilikuwa mbali, na msiba hakuna aliyeuomba. Likabaki jambo la heshima, nalo kwa watu wa kule huletwa na barua ya theluji.

Mchezo wenyewe ni wa kale na hauna huruma. Theluji ya kwanza ya mwaka ikianguka, unaandika kikaratasi: theluji yangu, karamu yako. Unakificha ndani ya kitu chochote, unampa mjumbe apeleke. Atakayekipokea kwa mkono wake ndiye aliyeshindwa, na atakwenda kupika karamu nyumbani kwa aliyetuma. Lakini akishtuka akamkamata mjumbe, atampaka masizi usoni amrudishe alikotoka, na karamu itamgeukia mtumaji. Ndiyo maana siku hiyo watu wazima wenye akili zao hukataa kupokea hata mkate wa moto.

Mwaka uliotangulia Mahgul alipokea kikaratasi kilichofichwa ndani ya soksi, tena alikipokea upesi, kama mtu aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango. Akaja, akakaa siku kumi. Siku moja alipika. Siku tisa aliteleza mlimani na baba yake, yeye mbele, baba nyuma, na Zewar akaapa kwamba hakuwahi kuona karamu yenye sahani chache kiasi kile.

Ila sharti ni moja: theluji lazima itulie juu ya paa la mtumaji, kiasi cha kumlazimisha atoe koleo. Ile ya Novemba haikumlazimisha mtu kutoa hata ufagio.

Jumanne moja Chaman alipanda paani kama kawaida na nusura aanguke. Mawingu yalikuwa yamepita usiku yakauvisha mlima, lakini yakaishia njiani. Koh-e Baba ilikuwa nyeupe kuanzia kiunoni kwenda juu, na chini vumbi tupu, kama mzee aliyevaa shati akasahau suruali.

Chaman akaanza kucheka peke yake, kile kicheko ambacho Zewar alikiogopa tangu siku ya harusi yao.

"Zewar! Sharti linasema paa la nani?"

"La mtumaji."

"Linasema paa lipi?"

Zewar alitoka nje na kisu cha viazi mkononi. Juu, kupita pale theluji ilipoanzia, kilikuwepo kibanda cha mawe ambamo ukoo wa Chaman ulilala wakati wa kiangazi, kondoo wakiwa malishoni.

"Wewe mwanamume," alisema taratibu, "unataka kupanda mlima ukazoe theluji kwenye paa la kibanda kitupu?"

"Lina dari, lina moshi, lina jina la babangu. Ni paa."

"Una wazimu." Akaingia ndani, akarudi na chupa ya chai, ile kubwa ya bluu inayotunza moto siku nzima. "Kama inazuia moto usitoke, itazuia na baridi. Nenda."

Ewaz, dereva wa basi dogo la Kabul, alikuwa akiondoka saa saba mchana. Chaman alimpigia simu amngoje, akafunga safari: koleo bega moja, mbao bega jingine, chupa ya chai mgongoni. Mbao hazikuwa zake. Zake zilikwisha kuuawa na mawe mwezi wa Desemba, alipojaribu kuteleza mahali ambapo hata mbuzi angekwenda kwa tahadhari. Hizi zilikuwa za Mahgul. Alimchongea mwenyewe kwa mti wa mpopla, chini akazipigilia plastiki ya dumu la manjano la mafuta ya kupikia. Hakuzichukua alipoolewa. Kabul angezitelezesha wapi, kwenye ngazi?

Saa moja na nusu baadaye alianza kukanyaga theluji, na mguu wake ulifurahi kabla yake. Lakini alikuwa ameishi na mlima miaka arobaini na saba, na mlima haukumficha kitu. Alipiga magoti akachimba kwa mkono. Juu palikuwa na vidole vinne vya theluji mpya, laini kama pamba. Chini yake, gamba gumu lililochapwa na upepo. Chini ya gamba, ile theluji ya Novemba, iliyokwisha kugeuka punje kubwa kavu kama chumvi ya mawe. Aliichota kiganjani akaikamata. Ikamponyoka katikati ya vidole. Haikushikana na kitu, hata yenyewe kwa yenyewe.

"Nyumba nzuri," alisema. "Msingi wa mchele mbichi."

Alifika kibandani kabla ya saa tano. Alipima theluji ya paani kwa mkono: shibiri moja kamili. Akatoa koleo, maana sharti ni sharti, akalizoa paa lote, pembe kwa pembe, kana kwamba kuna watu wamelala ndani wanaogopa dari isiwaangukie. Akapiga picha kwa simu. Akaijaza chupa theluji ya paa lile, akaishindilia kwa ngumi, akaweka kikaratasi ndani ya kifuko cha plastiki juu yake, akakaza kifuniko.

Kushuka kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa Koo la Ngamia, korongo la kivuli lililoshika theluji hadi chini, limenyooka kutoka nyuma ya kibanda hadi karibu na barabara. Robo saa kwa mbao, na raha juu yake. Ya pili ilikuwa mgongo wa mawe, kwa miguu, mwendo wa karibu saa mbili. Saa ilikuwa tano na nusu.

Alizifunga mbao za bintiye miguuni. Kamba zilikuwa bado na fundo la Mahgul mwenyewe, fundo la mtu wa haraka. Korongo lilikuwa jeupe, halina alama ya kiumbe, na Chaman alimwona Mahgul pale mbele, mtandio mwekundu ukipepea, akigeuka kumpigia kelele: baba, mbona unashuka kama gunia la viazi! Akasogea mbele hatua mbili.

Mlima ukakoroma.

Ilikuwa sauti nzito, fupi, kutoka chini ya miguu yake, na theluji yote ikazama unene wa kidole. Ufa mwembamba ukakimbia mbele yake, mrefu kama kamba ya kuanikia nguo, ukasimama.

Naye akasimama. Mlima ukikoroma hivyo, theluji yote iko tayari kuporomoka na kumzika aliye juu yake. Alikumbuka Mahgul alipokuwa na miaka kumi na minne, mahali hapa hapa, baada ya sauti hii hii, akitaka kushuka kwa vyovyote. Alimvuta sikio hadi likawa jekundu. "Ukifa leo, kesho nitateleza na nani?" alimwambia, na mtoto alinuna siku mbili. Leo sikio lilikuwa lake, na wa kulivuta yuko Kabul.

Alirudi nyuma akikanyaga alama zake mwenyewe, moja moja. Akafungua kamba. Akashika mgongo wa mawe.

Alipotokea barabarani ilikuwa saa saba na nusu. Vijana waliokaa juani walimwona mwalimu wao wa kuteleza akija kwa miguu, mbao begani, suruali imechanika goti.

"Ustadhi, leo zamu ya mbao kukupanda wewe?"

"Zimechoka," alijibu Chaman akihema. "Nazibeba kidogo, kesho zitanibeba."

Ewaz alikuwa amesimama mlangoni mwa basi, na nyuma yake abiria wanane wakimsomea ukoo wake wote. "Kaka Chaman, hawa wanataka kunila mbichi! Mama mmoja ameshauliza kama nina chumvi."

"Sikiliza." Chaman alimkabidhi chupa. " Mkononi mwa Mahgul. Mahgul mwenyewe. Usimpe mtu mwingine hata akikulilia."

"Mimi mtoto?"

"Ungekuwa mtoto ningekuamini."

Asubuhi ya pili simu ililia. Chaman alimwaga chai.

"Kaka," alisema Ewaz, na kwa neno hilo moja Chaman akajua. "Nilibisha mlango. Ukafunguka kidogo, ukatoka mkono. Una bangili, una hina. Nikasema huyu ndiye bibi-arusi. Nikaweka chupa mkononi."

"Halafu?"

"Halafu mkono ukakohoa."

Chaman alikaa chini polepole.

"Alikuwa Bibi Sahibjan," alisema Ewaz. "Alidhani ni kuruti za kila mwezi, ule mtindi mkavu wa shemeji Zewar. Nisamehe, kaka. Nilikimbia. Ana masizi ya tanuri mlangoni pale pale, yule mama."

Chaman alikata simu. Sheria ilikuwa wazi kama maji: aliyepokea ndiye aliyeshindwa. Mahgul hakupokea, Mahgul hana karamu ya kupika, Mahgul haji. Na theluji ya kwanza ni moja tu kwa mwaka. Alitoka nje akachukua mbao za bintiye, akaanza kuzisugua kwa mshumaa, ingawa hapakuwa na mahali pa kwenda nazo. Zewar hakumtania. Hilo ndilo lililomwogopesha zaidi.

Simu ililia tena.

"Mkwe," ilisema sauti ya kikongwe, "wewe ni mwizi."

"Salaam alaikum, dada yangu."

"Miaka arobaini na mitatu hakuna aliyenipata. Wamejaribu kwa mkate, wamejaribu kwa daftari la mjukuu, mume wangu marehemu alijaribu kwa pete. Nawe unanipata kwa maji machafu!"

"Yalitoka huku yakiwa theluji."

"Theluji ya paa lipi? Nimewapigia ndugu zangu huko. Wanasema bonde zima ni vumbi."

Neno moja la uongo lingetosha. Lakini ndugu zake wangekwenda kuchungulia. "Ya kibanda cha malishoni. Ni paa langu. Nilipanda na koleo, nikalizoa. Picha ninayo."

"Ulipanda Koh-e Baba na koleo?"

"Nilipanda."

"Ukateremka kwa mbao."

Hapa pangekuwa pazuri pa kujisifu kidogo. "Kwa miguu," alisema. "Kwenye mawe. Theluji ni mbovu mwaka huu, mlima ulikoroma. Basi lilinisubiri nusu saa."

Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa, mtu akiketi.

"Unajua," alisema Bibi Sahibjan, na sauti ilikuwa imeshuka, "kila siku tangu Desemba huyu mtoto anapanda paani kwangu anatazama upande wenu. Nguo zimekauka, bado yuko paani. Namwambia shuka. Anasema ananusa hewa."

Chaman alilitazama koleo lake ukutani.

"Sikuwa namzuia kwa ubaya, mkwe. Niliogopa. Niliambiwa mwaka huu milima ni mawe tupu, na wewe nimesikia ukiona kitu cheupe akili zinakuruka. Nikasema huyu atanirudishia bibi-arusi vipande vipande." Akakohoa. "Lakini mtu aliyetamani kiasi hicho, akageuka akarudi kwa miguu, huyo nitamwachia. Nimeshindwa, nitapika mimi mwenyewe. Nakuja Alhamisi. Na miguu hii haiwezi kushuka garini bila mtu wa kunishika mkono. Unadhani nitamleta nani?"

Alhamisi walifika. Bibi Sahibjan alishuka akimtafuta Ewaz kwa macho, na Ewaz akawa ghafla na kazi kubwa chini ya gari. Mahgul alimshika mkono mama mkwe, akambusu mama yake, akambusu baba yake mkono, lakini macho yake yalishapita juu ya bega la wote.

"Koo la Ngamia?"

"Limefungwa," alisema Chaman. "Hata usiliangalie."

"Sasa tunateleza wapi?"

"Kuna mteremko mdogo mbele ya kibanda. Mlalo, hauna kitu juu yake cha kuanguka. Ukishuka unapinda kona arobaini."

"Arobaini tu?"

"Thelathini na nane. Mbili zina mawe."

Ijumaa walipanda, saa tatu nzima, kwa ajili ya kona thelathini na nane. Mbao zilikuwa jozi moja. Mahgul alizifunga kwa fundo lake la haraka, akakaza mtandio mwekundu, na kabla baba hajamaliza kumwonya akawa amekwenda. Plastiki ya manjano iliimba kwenye theluji haba. Ilichukua muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Akafika chini, mdogo kama kidole, akainua mikono.

Kisha akaanza kupanda kurudi, mbao begani, hatua kwa hatua, na hilo lilichukua nusu saa.

"Haya, baba, zamu yako," alisema akihema, akimkabidhi mbao.

Chaman aliziangalia. Mguu wake ulizitaka sana. Zilikuwa zimebaki siku tisa Mahgul arudi Kabul, na mawingu hayakuonekana popote.

"Nenda tena," alisema.

"Wewe hutaki?"

"Nataka. Nenda tena."

Mahgul alimtazama, akacheka, akafunga kamba. Alipokwenda, Chaman hakutazama sana vile alivyoshuka. Kushuka kulikuwa kuzuri, lakini kulikuwa kwa haraka na kulimpeleka mbali. Alijimiminia chai, akakaa juu ya paa la kibanda, akangoja pale Mahgul atakapoanza kupanda kurudi.