Harage la Mama Orpa

Jumamosi asubuhi watu wa mtaa wa Shituru, mjini, na wa kijiji cha Kansonga waliitwa katika ukumbi wa kanisa. Rolly, fundi wa mipango ya mji, alitandaza karatasi kubwa mezani.

"Mutapata kituo kimoja cha afya, mji na kijiji," alisema. "Kila muntu aweke harage moja pahali anataka kijengwe."

Mama Orpa aliitwa wa kwanza. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini, na nusu ya waliokuwemo humo walizaliwa mikononi mwake. Aliona haya kusema kwamba hajawahi kusoma ramani. Akauona mstari wa buluu, akajua huo ni mto; Shituru upande huu, Kansonga ng'ambo. Akatafuta njiapanda ya Shituru, penye mashine ya kusaga unga, akaona mistari miwili inakatana, akaweka harage lake, akarudi kwenye benchi.

Wanawake waliomfuata hawakuangalia karatasi. Waliangalia harage lake.

Rolly akahesabu. "Thelathini na moja! Kansonga imeshinda."

Georgette, aliyekuja na wenzake sita kutoka kijijini, alimwendea Orpa machozi yakimlengalenga. "Aksanti, mama. Tuliwaza bantu ya mji hamutuone."

Orpa alimkumbatia bila kuelewa anashukuriwa nini. Kansonga imeingiaje? Akazunguka meza hadi aliposimama Rolly. Herufi zikasimama wima, na mto nao ukawa kama umehama: harage lake lilikuwa limelala penye vijia viwili katikati ya mashamba ya mihogo, ng'ambo.

"Rolly," alisema, "miye nilisimama mubaya. Niliona karatasi kichwa chini."

Ukumbi ukachafuka. Wengine walitaka kurudia, wengine walisema hesabu ni hesabu. Georgette hakupiga kelele. Alimwuliza taratibu tu:

"Kumbe si sisi uliwaza?"

Orpa akageukia ramani. Mara mbili, wakati wa mvua, alizalisha kando ya ule mto kwa sababu mama mjamzito alishindwa kuvuka. Lakini Shituru watu ni wengi mno, na Noëlla, mke wa mwanawe, anajifungua baada ya miezi miwili. Kituo ni cha walio wengi au cha walio mbali? Kila alipodhani amepata jibu, wazo la pili lilikuja kulivuruga la kwanza.

Rolly akaamua warudie: akaeleza ramani upya, akawaita mmoja mmoja, wengine wakingoja nje. Mkono wa Orpa ulikwenda njiapanda, ukarudi. Mwishowe akaweka harage lake Kansonga, na papo hapo akatamani kuliondoa.

Njiapanda ilishinda kwa maharage manne tu; watu wengi wa Shituru nao walikuwa wameweka Kansonga. Kwa kuwa tofauti ilikuwa ndogo hivyo, watu hawakutawanyika: walikubaliana kuomba kidaraja kijengwe kabla ya kituo, na pande zote mbili zifyatue matofali pamoja. Georgette alitia sahihi ombi hilo, lakini aliondoka bila kumuaga Orpa.

Nyumbani, Noëlla alikuwa anachambua matembele.

"Weye uliweka wapi, mama?"

"Kansonga."

"Na miye je?"

Orpa aliketi karibu naye, akachukua matembele, akaanza kuchambua majani yaliyokwisha kuchambuliwa.

"Sijuwe, mutoto wangu," alisema. "Kweli, sijuwe."