Hija ya Theodora na Mbuzi wa Njiani

Habari yenyewe ililetwa na Lukresia, muuza mitumba, ambaye kila wiki alishuka Pasua, Moshi mjini, kuchukua mzigo na kupanda nao soko la Tarakea pamoja na habari ambazo hakuna aliyemwagiza. Alisema kuna parokia moja ambayo vijana wake walikwenda hija kwa miguu. Wasichana walitoka na rozari shingoni, wakarudi wajawazito.

"Parokia gani?" Mektrida aliuliza.

"Hukohuko mbali."

"Mwaka gani?"

"Si zamani."

"Watoto wa nani?"

"Mama Theodora, mimi si mtu wa kutaja majina ya watu."

Basi mtu asiyejua parokia, wala mwaka, wala jina, lakini tumbo amelijua, huyo ndiye anayeaminiwa. Mektrida alirudi nyumbani na kilo ya vitunguu pamoja na habari ile. Vitunguu vikaisha, habari ikabaki. Aliamka nayo, akakamua ng'ombe nayo, akaenda nayo misa na kurudi nayo.

Ilimshika hivyo kwa sababu wiki hiyohiyo binti yake Theodora alikuwa amejiandikisha kwenda hija. Ulikuwa mwaka 2000, Jubilei Kuu, na kila parokia ilikuwa inatafuta jambo la kufanya ili isionekane imelala. Parokia yao, juu kidogo ya Tarakea, iliamua kwa mara ya kwanza kutembea kwa miguu hadi kwenye kanisa kongwe la Kilema, kuuzunguka mlima kwa kupitia Useri, Mkuu, Mamsera, Mwika na Marangu. Ni safari ambayo basi huimaliza kabla abiria hajamaliza kulalamika juu ya dereva.

Na Theodora hakuwa anakwenda kwa kufuata kwaya. Mwaka uliotangulia Mektrida alifanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni. Binti alisimama kwenye korido ya hospitali, akamwahidi Mungu kwamba mama yake akitoka mzima, atakwenda Kilema kwa miguu yake mwenyewe. Mama akatoka mzima. Sasa ilikuwa Agosti, na Septemba Theodora alitakiwa kuripoti chuo cha uuguzi Songea. Ukifika Songea hurudi upesi. Kama ni nadhiri, ilikuwa sasa.

"Ungeahidi rozari," Mektrida alimwambia jikoni. "Rozari unasali hata ukiwa unamenya ndizi."

"Mae, wakati ule sikuwa nachagua."

"Basi ungeahidi kwenda na basi."

"Hiyo si ahadi. Hiyo ni nauli."

Baba yake, Wenseslaus, alikuwa amekaa mlangoni akinoa panga. Tangu wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuja kila mmoja na bei yake na mizani yake, mzee huyu alikuwa amepunguza mambo ya kuyaamini hadi ng'ombe na Mungu. "Mwache mtoto atembee," alisema. Mektrida alisikia kwamba mumewe hana mawazo, kwa hiyo mipango yote ni juu yake.

Mkutano wa wazazi uliongozwa na Katekista Denis, aliyewahi kupita JKT na hakuruhusu mtu yeyote asahau. Mpango wake ulikuwa mfupi. Watatoka Alhamisi alfajiri. Watalala kwenye madarasa ya parokia za njiani, wavulana mbali na wasichana, na wasichana watakuwa na Sista. Kila mtu atabeba mzigo wake. Chakula ni kande. Viatu viwe vya zamani, vinavyoujua mguu. Na kwa kuwa ni safari ya toba, watafunga mchana. "Maswali?"

Mektrida alikuwa ameshasimama. Alitaka kujua darasa la wasichana litafungwa kwa ndani au kwa nje.

"Kwa ndani, Mama Theodora. Ufunguo atakaa nao Sista."

"Na Sista akilala?"

"Kwani wewe ukilala nani anakaa na ufunguo wako?"

"Mimi silali."

Watu wakacheka, ingawa waliomjua walijua ni kweli. Alirudi nyumbani ameudhika, akatengeneza mpango wake.

Mpango ulikuwa ndugu. Ile barabara yote ni ndugu. Useri yuko kaka yake, Shedrack, mwenye pikapu ya kubebea ndizi. Mkuu yuko shangazi yake Kornelia. Mamsera wako wakwe wa dada yake. Mwika yuko shemeji yake Elisaria, na Marangu yuko mama wa ubatizo wa Theodora. Mektrida alimwita Lukresia, akampa salamu za kupeleka kwa wote hao: Theodora atapita Alhamisi na kuendelea, yuko na wenzake, mumtupie jicho.

Hayo tu. Kwa mtu wa kwingine, hizo ni salamu. Lakini aliyezaliwa kwenye mlima huu anajua kwamba huku hutumi neno kuwa mtoto wako anakuja ili atazamwe. Anayetazamwa ni ndama wa kuuzwa. Ukipata neno kwamba mtoto wa ndugu yako anapita na wenzake, halafu wakapita mbele ya geti lako midomo imekauka, utaambiwa hayo hadi siku ya mazishi yako, na siku hiyo yatasemwa na msemaji wa familia. Mbege, pombe yetu ya ndizi, inahitaji siku kadhaa, na salamu zilifika na siku za kutosha. Mbuzi hahitaji hata siku moja. Mektrida alikuwa mtaalamu wa mambo haya. Ni yeye aliyewahi kuwazuia watu wa posa hadi wakala kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, mara mbili. Lakini wasiwasi ukishaingia kichwani, ujuzi unapisha.

Na ukishatuma salamu, umetuma. Simu za mkononi wakati ule zilikuwa Moshi mjini, zimening'inia kwenye mikanda ya watu wenye matumbo.

Alhamisi, mbele ya kanisa, Katekista Denis alitundika mzigo wa kila hujaji kwenye mizani ya kupimia kahawa. Ulipofika wa Theodora, mizani ilishuka kama iliyopigwa. Ndani alikuta blanketi mbili, sufuria na mfuniko wake, chupa ya chai, dawa ya kikohozi, jiwe la kusugulia miguu, na viatu vipya kabisa ambavyo Mektrida alivinunua ili mtoto asidharauliwe Kilema.

"Huyu anahamia?" Denis aliuliza.

"Kuna baridi Mkuu," Mektrida alisema.

"Mkuu kuna watu, Mama Theodora. Wanaishi."

Theodora alitoa kila kitu, akabaki na blanketi moja, na miguuni raba zake za zamani. Mama yake alirudisha vilivyobaki kwenye kikapu. Alisubiri hadi sauti za kwaya zilipozama kwenye migomba, ndipo akashuka barabarani na kikapu chake, akapata gari la mbogamboga, akafika Useri kabla yao. Alisema anakwenda kumsalimia kaka yake.

Shedrack alikuwa amefunga turubai. Meza zilianzia uani zikaishia barabarani.

"Mzee, tunashukuru, lakini sisi tunapita tu," Denis alisema mahujaji walipofika.

"Pita. Njia ndiyo hii, imepita katikati ya meza."

"Tumefunga."

"Mbuzi ameshakufa, Katekista. Nikamwambie amekufa bure?"

Swali hilo halimo kwenye katekisimu, na JKT hawakulifundisha. Mahujaji walikaa. Ikaja supu ya damu, kisusio, kisha nyama, kisha kata ya mbege ikaanza kuzunguka, na kwa kuwa kuikataa kata ni matusi, hakuna aliyeikataa. Wakalala Useri. Mpango ulisema Mkuu.

Ijumaa Shedrack aliwafuata na pikapu yake, eti kuwapa moyo. Mektrida alikuwa kiti cha mbele na kikapu. Mkuu walimkuta Shangazi Kornelia amesimama getini kwa kitenge kipya. Safari hii Denis alikuwa na silaha.

"Shikamoo, bibi. Leo Ijumaa, hatuli nyama."

"Marahaba. Najua ni Ijumaa, nilibatizwa kabla yako. Kuna mtori mtupu na kiburu. Na mbege haina mfupa."

Jumamosi mchana walikuwa Mamsera kwa wakwe wa dada, kwenye mbuzi wa pili, na hija ilikuwa imekufa. Sauti nzito zote za kwaya zimelala chini ya migomba. Waliopuuza agizo la viatu walikuwa wamevivua na kuinua miguu juu kama watu waliojisalimisha. Katekista Denis alitazama jua, akatazama watu wake. Misa ya mahujaji Kilema ilikuwa Jumapili asubuhi. Aliinama dirishani kwa Shedrack, wakanong'ona, na mlango wa nyuma wa pikapu ukafunguliwa. Watu walipanda haraka kuliko walivyotembea tangu Alhamisi.

Theodora hakupanda.

"Panda, mwanangu," Mektrida alisema.

"Sipandi."

"Misa itakupita."

"Inipite. Mimi sikuahidi misa."

"Utatembea na nani peke yako?"

"Atatembea na mimi," alisema Sista, mama mtu mzima ambaye siku zote hizo alikuwa anakunywa maji tu.

Theodora alikuja karibu na dirisha. Macho yalikuwa mekundu kwa vumbi, au Mektrida aliamua ni vumbi.

"Mae, wewe ulikuwa umelala kwenye machela, hukuona. Kitambaa kilikufika hapa kidevuni. Mimi nilisema nitakwenda kwa miguu. Niambie kweli. Huko mbele kuna nani mwingine?"

"Mwika yuko baba yako mdogo Elisaria. Na Marangu, mama yako wa ubatizo."

"Umewaambia?"

Mektrida alitazama kikapu chake. "Nimewaambia."

Theodora alikaza kamba za raba, akaanza kutembea na Sista, naye Mektrida akabaki anamtazama kisogo. Alikuwa amehesabu hatari zote za barabara ile: magari, nyoka, baridi, wavulana wa kwaya. Wavulana wa kwaya walikuwa wanakoroma ndani ya pikapu. Na mtu aliyemsimamisha binti yake kwenye kila geti tangu Tarakea alikuwa amekaa kiti cha mbele.

"Endesha," alimwambia kaka yake. "Uniteremshe Mwika."

Elisaria alikuwa Mlutheri na mzee wa usharika. Alimpokea kwa mikono miwili, moshi wa nyama ukipanda nyuma yake. "Karibu shemeji. Wako wapi?"

"Anakuja mmoja na Sista. Nimekuja kukuomba ufunge geti. Msimsimamishe. Msimwite. Hata salamu msimpe."

Elisaria alimtazama ili aone kama ni ugonjwa wa mwaka jana umerudi. "Mimi Mlutheri nimechinja mbuzi kwa ajili ya hija yenu ya Kikatoliki. Na mchungaji wangu nimemwalika. Leo unaniambia mtoto wa ndugu yangu apite getini kwangu kama mbwa wa watu?"

"Mtoto ana nadhiri. Mimi ndiye niliyemharibia, siyo wewe."

"Nitalisema hili, Mektrida. Kwenye kikao cha ukoo nitalisema."

"Liseme."

Hakuondoka. Alikwenda kwenye uzio, akachuma jani la isale, akarudi akamnyooshea kwa mikono miwili na kichwa ameinamisha. Mtu akikuletea isale kuomba msamaha, humkatalii, hata awe amekuulia mzazi. Elisaria alilitazama lile jani, akautazama uzio wake.

"Hata hili umelichuma kwangu," alisema. Akalipokea. Akafunga geti.

Jua likiwa limeelekea kuzama, Theodora na Sista walipita. Nyuma ya uzio ukoo mzima ulikuwa umekaa kimya na sahani mapajani, na mchungaji mmoja. Mtoto mdogo alitaka kuita, akazibwa mdomo. Mektrida alizisikia zile raba zikipita kwenye changarawe, moja inaburuta kidogo, na hakuinuka. Pengine ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizofanya mwaka ule, ukitoa upasuaji.

Asubuhi na mapema, kabla binti hajafika, alikuwa Marangu na isale nyingine. Huko alitukanwa kwa Kichagga, taratibu, kwa adabu, hadi mwisho. Mama wa ubatizo alilipokea jani na mbuzi akabaki hai.

Kilema, misa ilikwisha. Mahujaji wa pikapu walipiga picha mbele ya kanisa, nyuso za toba. Watu walipokwisha kutawanyika, Theodora aliingia kwa mlango mkubwa, raba mkononi, soksi zimeshikana na vidonda. Alipita katikati ya mabenchi matupu, akapiga magoti mbele, na mabega yakaanza kutikisika. Sista alikaa benchi la nyuma akasinzia papo hapo.

Mektrida alikwenda akapiga magoti kando ya mtoto. Alitafuta sala, akaikosa.

"Nimefika, Mae," Theodora alisema bila kugeuka.

"Nimeona."

"Usinipe chakula kwanza."

"Sikupi."

Kikapu kilikuwa karibu na goti lake, na ndani kiburu cha Marangu ambacho hakuwa na nguvu ya kukikataa. Alikisukuma chini ya benchi kwa mguu.

Elisaria alilisema kwenye kikao. Bado analisema. Basi mzazi ambaye mtoto wake anapanga hija ya kwanza ya miguu, na aepuke haya:

Kununua viatu vipya kwa ajili ya safari.

Kufunga mzigo kwa ajili ya mtu mwingine.

Kuamini habari isiyo na mwenyewe.

Kutuma salamu kwa ndugu walioko njiani. Waambiwe mtoto akisharudi.

Mbege kabla ya kufika, hata kata moja.

Gari la kufuata nyuma, hata liwe la nani.

Kwenda naye usipoalikwa.

Kumwambia apande.

Kulala na soksi mbichi.