Mfuko wa Damu ya Babu

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, babu huitia saa ya ukutani ufunguo: mizunguko minane, wala hazidishi. Mimi humhesabia kwa sauti, kazi niliyopewa tangu nina miaka sita. Siku ile tulifika tano, ufunguo ukamponyoka, ukalia sakafuni.

Aliinama kuuokota. Vidole vikakataa.

"Ufunguo umechoka kukaa na mzee," alisema.

Nilimshika mkono. Vidole viwili vilikuwa vyekundu kama vilivyoungua, na ncha ya cha tatu imeanza kuwa ya zambarau.

"Vinawaka?"

"Vinanikumbusha ujana."

"Babu."

"Vinawaka," akakubali.

Babu ni fundi saa mwenye miaka sabini na tisa. Kwa miaka minne sasa ana ugonjwa wa damu nzito: mwili wake hutengeneza damu kupita kiasi, na isipopunguzwa huweza kuganda kwenye mishipa. Ndiyo maana kila miezi miwili huenda kliniki kutolewa mfuko mmoja. Nilifungua droo, nikaitoa kadi yake. Tarehe ya mwisho ilikuwa ya miezi saba nyuma. Na miezi yote hiyo, siku ya kliniki ikifika, alivaa kofia, akaniaga, akarudi na pamba imebandikwa mkononi.

"Pamba ulikuwa unaitoa wapi?"

"Duka la dawa. Unadhani msomi ni wewe peke yako?"

Sikucheka. "Kwa nini, babu?"

Alikaa kwenye kiti chake cha kazi, akaificha mikono mapajani.

"Mwanzoni nilipogoma kutolewa damu, nani aliniambia inapelekwa kwa akina mama wanaojifungua?"

Niliangalia sakafu. Ni mimi.

"Nikawa nakwenda kama bwana harusi. Kila mfuko nauambia, haya, nenda kamwokoe mtu. Mafundi wenzangu wakaniita Benki ya Damu, nami naitika. Mara ya mwisho nikamuuliza muuguzi, mifuko yangu imeshaokoa wangapi? Alicheka mpaka akashika meza. Akanionyesha pipa. 'Hii haitumiki, mzee. Ni ya kuchomwa.' Kama ni takataka, basi na ikae humu humu ilimozaliwa."

Ningeweza kumweleza habari za mishipa kuziba, kidole kufa, kiharusi. Maneno ya chuo ninayo tele. Lakini yote hayo aliyasikia mwanzoni, yakaingia sikio hili yakatokea lile, nami kwa kukosa ujasiri wa kusema lililokuwa moyoni nikamtungia hadithi ya akina mama.

Niliokota ufunguo, nikamalizia saa mwenyewe. Sita. Saba. Nane. Ilikuwa rahisi zaidi kuzungumza nikiwa nimempa mgongo.

"Nilikudanganya, babu. Nisamehe. Niliona haya kukwambia lile lenyewe."

"Haya gani tena, mke wangu?"

Huo ndio utani wake kwangu tangu nikiwa mtoto, ila safari hii aliutamka polepole, kama anayesubiri kweli kujibiwa. Nikageuka. Kofia yake ilikuwa msumarini karibu na saa. Niliitungua, nikaenda kumvisha kwa mikono miwili.

"Sikuwa na habari na akina mama wowote," nilisema. "Ni mimi ninayekuhitaji. Sijui nitaishije kwenye nyumba usiyokuwemo. Twende kliniki sasa hivi."