Matangazo kwenye Kioo cha Kijani

Jumapili iliyopita Scola alitangaza kanisani ndoa ya marehemu. Bibi harusi alijikuta ameposwa na mzee aliyezikwa Alhamisi, na waumini wa Ngulyati wakacheka mpaka padri akainamisha uso. Wazee wa kigango wakasema ameruka mstari kwa sababu ya macho. Akikosea tena, matangazo anapewa Anatoli wa kwaya. Scola hakula siku hiyo. Kazi ile aliipenda kuliko kitu chochote kilichomtoa nyumbani.

Mumewe Masele hakutaka kusikia habari za Anatoli. Alikuwa fundi wa kompyuta kwenye kinu cha pamba tangu enzi za kompyuta za kioo cha kijani, na alipostaafu alipewa moja, ambayo kila wiki huchapia matangazo ya mkewe. Simu humuumiza mke wangu macho, alijiambia, lakini kioo hiki ni kitiifu. Unakipa namba mbili, moja ya rangi ya herufi, nyingine ya rangi ya pazia lililo nyuma yake, nacho kinaandika unavyotaka.

Jumamosi mchana akamketisha Scola mbele ya kioo. Akachapa kwa vidole viwili, akitamka kila neno kama kawaida yake, kisha akaanza kubadili namba.

"Naona ukungu, Baba Wema."

Akazitia herufi mng'ao. Afadhali kidogo, Scola akasema. Akazipigia mstari chini. Zimekuwa nyasi, akasema. Ndipo akazigeuza, sifuri kwa saba, zikawa nyeusi juu ya kijani.

"Hapo sawa." Akasoma: "Jumamosi ijayo akina mama walete maji, akina baba majembe, tusawazishe uwanja wa kigango." Hakukwama popote. Masele akafurahi kama kijana aliyekubaliwa posa.

"Ngoja nikuwekee tena," akasema, na kwa furaha yake akakosea: sifuri kwa sifuri. Nyeusi juu ya nyeusi. Maneno yote yalikuwemo, lakini kioo kilikuwa kitupu.

Scola akasogeza uso. "Hii ndiyo nzuri kuliko zote," akasema, akasoma tena maji, majembe na uwanja, mpaka mwisho.

Masele akabaki na kidole hewani. Mkewe haoni herufi hata moja. Anasoma aliyoyasikia kinywani mwake yeye. Na Jumapili ile hakuruka mstari wowote. Ni yeye Masele aliyechapa akimumunya maneno kwa haraka, awahi mpira redioni.

"Nimekosea mahali?" Scola akauliza.

"Hujakosea, Mama Wema."

Lilikuwa limebaki tangazo la ndoa. Akavuta kiti karibu, akalichapa polepole, akitamka kila jina kwa sauti kubwa. Kioo hakukigusa, akakiacha cheusi vilevile.

Scola akatega sikio.

"La bibi harusi lirudie," akasema.

Masele akalirudia.